Mizani, Tochi na Kizuizi: Namna Ukaguzi wa Mabasi na Malori Unavyomlinda Abiria



Mji wa Morogoro umekaa chini ya milima ya Uluguru, mahali ambapo barabara kuu mbili za nchi hugawanyika. Gari linalotoka Dar es Salaam likifika Msamvu hushika njia ya Dodoma, inayoendelea hadi mikoa ya Kanda ya Ziwa, Rwanda na Burundi; au hushika njia ya Mikumi, Iringa na Mbeya hadi Tunduma, mpakani mwa Zambia. Kwa sababu hiyo malori ya mafuta, shaba, saruji na mbolea hutumia lami ileile inayotumiwa na mabasi ya abiria, daladala, bodaboda na watoto waendao shule.

Malalamiko tunayoyasikia mara kwa mara kutoka kwa abiria ni kwamba basi husimamishwa mno: mizani hapa, askari mwenye tochi pale, ukaguzi wa leseni kwingine. Katika makala hii tunaeleza kila ukaguzi unatafuta nini na kwa nini unafanyika. Tunaeleza pia wajibu wa abiria mwenyewe, kwa kuwa yapo mambo ambayo askari hawezi kuyaona baada ya basi kuondoka kizuizini, lakini wewe uliyemo ndani unayaona.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Asubuhi ya tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka karibu na Msamvu. Watu walikusanyika, wengine wakiwa na madumu ya kuchotea petroli iliyokuwa ikimwagika, na moto ukalipuka. Watu zaidi ya 100 walipoteza maisha, wakiwamo waliofariki siku na wiki zilizofuata kwa majeraha ya moto. Tarehe 18 Machi 2022, huko Melela Kibaoni katika Wilaya ya Mvomero, basi la abiria liligongana na lori katika barabara ya Morogoro–Iringa, na watu zaidi ya 20 wakafariki.

Tunayataja matukio haya kwa heshima ya waliotutoka. Tunayataja pia ili ieleweke kwamba kosa dogo la gari kubwa haliishii kwa dereva peke yake. Abiria 60 hawana usukani wala breki. Usalama wao umo mikononi mwa mtu mmoja na mtambo ambao hawajaukagua. Ukaguzi wa barabarani ndio unaofanya kazi hiyo kwa niaba yao.

Tochi: mwendo wa gari

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inaweka kikomo cha kilometa 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Kwa magari ya abiria na magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500, kikomo cha juu kabisa ni kilometa 80 kwa saa, hata pale barabara inapokuwa imenyooka na haina gari jingine.

Kikomo hicho kina msingi wa kisayansi. Gari likienda kilometa 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Kwa hiyo dereva aliyechelewa sekunde moja tu kukanyaga breki ameshapita urefu wa mabasi mawili kabla gari halijaanza kupunguza mwendo. Aidha, umbali ambao breki zinahitaji ili kulisimamisha gari haukui sawasawa na mwendo. Mwendo ukiongezeka maradufu, umbali huo huwa mara nne. Dereva anayeongeza kutoka kilometa 80 hadi 100 huhitaji zaidi ya mara moja na nusu ya umbali wa awali wa breki.

Je, mwendo huo humwokolea abiria muda kiasi gani? Tuchukue mfano wa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambamo barabara kuu hupita kwa takriban kilometa 50 na mwendo umewekewa kikomo cha kilometa 70 kwa saa kwa ajili ya wanyama wanaovuka. Dereva anayetii hutumia dakika 43 hivi. Anayekwenda kilometa 100 kwa saa hutumia dakika 30. Faida yake ni dakika 13. Kwa dakika hizo, abiria wote wanawekwa katika hatari ya kukutana na nyati au tembo barabarani wakiwa katika mwendo ambao basi haliwezi kusimama kwa wakati.

Mabasi ya masafa marefu yanatakiwa pia kufungwa kifaa cha kufuatilia mwenendo wa gari, ambacho hutuma taarifa kwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) na hutoa mlio ndani ya basi dereva anapozidisha mwendo. Ukisikia mlio huo ukiendelea kwa muda mrefu, ujue mwendo umezidi. Kifaa kikichezewa au kuzimwa, hilo ni kosa la kuripotiwa.

Mizani: uzito wa gari

Mizani ya Mikese, katika barabara ya Dar es Salaam, inafahamika kwa kila msafiri wa Morogoro. Vituo vya mizani husimamiwa na Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS). Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutekelezwa nchini mwaka 2019, inahusu magari yote yenye uzito wa tani 3.5 na zaidi, yakiwamo mabasi. Uzito wa juu wa gari na mzigo wake ni tani 56, na kila ekseli ina kikomo chake: kwa mfano tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne.

Watu wengi hudhani kwamba mizani inalinda lami pekee. Ni kweli inailinda. Uchunguzi wa wahandisi umeonyesha kwamba madhara ya ekseli kwa barabara huongezeka kwa kasi kubwa kuliko uzito wenyewe. Ekseli ya tani 10 ikibebeshwa tani 12 huiumiza lami takriban mara mbili. Mashimo na mifereji ya matairi unayoiona barabarani ni deni ambalo sote tunalilipa kupitia kodi.

Hata hivyo, abiria ana sababu iliyo karibu naye zaidi. Basi lililozidishiwa mzigo hupata moto wa breki upesi, matairi yake hupasuka kwa urahisi, na huyumba kwenye kona. Gunia lililopangwa kwenye ujia wa katikati huziba njia ya kutokea wakati wa hatari. Ikiwa kondakta atakuomba ushuke kabla ya mizani na upande bodaboda ili ukalisubiri basi mbele, maana yake ni kwamba basi hilo lina uzito lisioruhusiwa kuwa nao. Una haki ya kukataa.

Kizuizi: hali ya gari na ya dereva

Askari wa Kikosi cha Usalama Barabarani anapolisimamisha gari kubwa huangalia leseni ya dereva na daraja lake, bima, leseni ya usafirishaji, matairi, taa, breki na viakisi mwanga. Kwa lori, jambo la viakisi na taa za nyuma ni la uhai. Lori lililoharibika usiku bila taa wala pembetatu ya tahadhari halionekani hadi dereva wa nyuma awe amelikaribia mno. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, hivyo suala hili limekuwa zito zaidi kuliko zamani.

Mitelemko nayo huhitaji uangalifu wa pekee. Katika milima ya Iyovi, baada ya Mikumi, dereva mwenye ujuzi huingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka ili injini isaidie kulizuia gari. Anayetegemea breki peke yake huzichosha kwa joto, na breki iliyochemka hushindwa kukamata wakati inapohitajika.

Uchovu wa dereva hauonekani kwa tochi wala kwa mizani. Kwa sababu hiyo kanuni zinataka safari inayozidi saa 8 iwe na madereva wawili. Ukiwa unatoka Dar es Salaam kwenda Mbeya au Mwanza, uliza kabla ya kuondoka: dereva wa pili ni nani, naye atapokea usukani wapi? Swali hilo si utovu wa adabu. Umelipa nauli, na jibu ni haki yako.

Barabara za mlimani Uluguru

Mazao ya mlimani, kama vile kabichi, karoti na viazi vya Mgeta, au ndizi na viungo vya Kinole na Matombo, hushuka kwenda masokoni kwa malori. Katika njia hizi vizuizi ni vichache, na desturi ya wafanyabiashara kupanda juu ya magunia imezoeleka. Tunafahamu kwamba wengi hufanya hivyo kwa kukosa usafiri mwingine siku ya gulio. Pamoja na hayo tunapaswa kusema wazi: lori la mizigo haliruhusiwi kubeba abiria. Aliyekaa juu ya mzigo hana mkanda wala kiti, na lori likiegemea kwenye kona yenye utelezi yeye ndiye wa kwanza kuanguka, na mzigo humfuata. Ikitokea ajali, anaweza pia kukosa fidia, kwa kuwa bima ya lori haikukatwa kwa ajili ya abiria wa kulipa nauli.

Tunawashauri wafanyabiashara wa soko moja wakubaliane: mzigo uende na lori, nao wapande gari la abiria lenye leseni. Gharama ikigawanywa kwa watu kumi huwa nafuu kuliko inavyodhaniwa.

Lori la mafuta likianguka

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, hujaa kwenye mitaro na mabonde, na unaweza kuwaka kutokana na cheche iliyo mbali na lori. Bomba la moshi la pikipiki, sigara au waya wa betri hutosha. Kwa hiyo usisogee, hata kwa nia ya kutazama. Ondoka upande upepo unakotoka, wazuie watoto, zima pikipiki na usiiwashe tena karibu na hapo, kisha piga simu 112. Petroli inayomwagika barabarani si riziki. Wakazi wa Msamvu wanalijua hilo kuliko mtu yeyote.

Unachoweza kufanya wewe

Kabla ya safari:
1. Nunua tiketi kwa wakala anayetambulika, na uhakikishe ina jina lako, tarehe, nauli na namba ya usajili wa basi. Itunze hadi mwisho wa safari.
2. Tazama matairi na kioo cha mbele. Tairi lililokwisha kashata huonekana hata kwa asiye fundi.
3. Angalia dirisha au mlango wa dharura uko wapi.

Ndani ya basi:
4. Funga mkanda, usiku na mchana.
5. Usimhimize dereva akimbie. Abiria wanaopiga makofi basi linapoyapita mengine huchangia kosa.
6. Dereva akizidisha mwendo, akitumia simu au akionekana kusinzia, mwambie kondakta kwa utulivu. Asiposikia, piga namba ya bure ya LATRA iliyobandikwa ndani ya basi, au umweleze askari katika kizuizi kinachofuata. Taja namba ya usajili, mahali na saa.

Ikitokea ajali:
7. Pata matibabu kwanza, kisha hakikisha umepewa fomu ya polisi namba 3 (PF3) na uhifadhi nakala.
8. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamtaka kila mwenye gari awe na bima inayofidia watu wengine wanaoumizwa na gari hilo. Tiketi yako ni ushahidi kwamba ulikuwa abiria. Usitie saini karatasi ya makubaliano na mwenye basi kabla ya kuelewa haki yako ya kudai fidia kwa kampuni ya bima.

Hitimisho

Hatusemi kwamba kila ukaguzi hufanyika kama inavyopaswa. Ukiona askari, mpima uzito au kondakta akidai au akitoa rushwa ili gari bovu lipite, toa taarifa kwa Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa (TAKUKURU) kwa namba 113. Kizuizi kilichonunuliwa hakimlindi mtu.

Lakini pale ukaguzi unapofanyika kwa haki, tunakuomba uupokee kama sehemu ya huduma uliyolipia. Dakika kumi za mizani pale Mikese na kilometa 70 kwa saa katika Hifadhi ya Mikumi zimo ndani ya nauli yako. Basi likisimamishwa, uliza limekutwa na kasoro gani, na kama kasoro hiyo haijarekebishwa, usikubali kuendelea na safari. Una haki ya kudai usafiri mwingine au kurejeshewa nauli yako.