Kabla ya Kulipia Ukurasa wa Kwanza wa Google

Tuseme yupo fundi seremala wa Keko, Dar es Salaam, aliyejitengenezea tovuti. Picha za vitanda zimetulia, namba ya simu ipo, ramani ya kufika karakana ipo. Miezi inapita, na kila akiandika Google "vitanda vya mninga Keko" yanatoka majina ya wenzake, lake halimo. Hapo ndipo anapotokea mtu wa kumwambia dawa ni SEO, ule utaalamu wa kuifanya tovuti ionekane kwenye utafutaji, na kwamba kwa malipo ya kila mwezi atapandishwa hadi ukurasa wa kwanza.

Fundi asitoe pesa bado. Google hufanya kazi tatu kwa mfuatano. Kwanza roboti yake, Googlebot, huja kwenye seva na kuchukua ukurasa. Pili, ukurasa huo huchambuliwa na kuingizwa kwenye faharasa. Tatu, mtu anapotafuta jambo, Google huchagua humo kurasa za kumwonyesha na kuzipanga, ipi itangulie na ipi ifuate. Tovuti iliyokwama hatua ya kwanza haiokolewi na kazi ya hatua ya tatu, hata ilipiwe kiasi gani. Na hatua ya kwanza ni mambo ya hostingi na mipangilio, ambayo mwenye tovuti anaweza kuyakagua mwenyewe kwa alasiri moja.

Jina ni lako, seva ni ya kupanga

Tovuti ina vitu viwili vinavyolipiwa mbalimbali, japo kampuni nyingi huviuza kwa kifurushi kimoja. Domeini ni jina, lile linaloishia na .com, .co.tz au .co.ke. Hostingi ni nafasi kwenye seva, yaani kompyuta inayowaka usiku na mchana ambamo mafaili ya tovuti hukaa. Ukipenda, domeini ni jina la duka na hostingi ni fremu. Fremu unaihama mwenye nyumba akikusumbua, na wateja wanakufuata kwa jina. Jina likiwa la mtu mwingine, unahama mikono mitupu.

Kwa hiyo la kwanza kukagua ni nani ameandikwa kuwa mmiliki wa domeini. Mara nyingi aliyejenga tovuti huisajili kwa barua pepe yake mwenyewe, si kwa nia mbaya, bali kwa kuharakisha kazi. Siku mkipotezana, ujumbe wa kukumbusha malipo unakwenda kwake. Kwa .com, muda ukiisha msajili, yaani kampuni iliyokuuzia jina, anaweza kukushikia jina hilo kwa muda usiozidi siku 45, na wengine huliweka mnadani mapema zaidi. Likifutwa, kuna siku 30 za kulikomboa kwa ada kubwa, kisha siku 5 za mwisho, halafu linakuwa la yeyote atakayewahi. Majina ya nchi yana taratibu zake, lakini kanuni haibadiliki: akaunti ya msajili iwe kwa jina lako na barua pepe unayoifungua kila siku.

Kinachounganisha jina na seva ni DNS, mfumo uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983. Ndani yake kuna rekodi. Rekodi ya A hutaja namba ya seva yenye tovuti, ya MX hutaja seva inayopokea barua pepe. Ukihama hostingi ilhali barua pepe zako ziko kwingine, badilisha A na uiache MX palepale. Wanaofuta zote kwa mkupuo hukuta tovuti imehamia salama, ila oda za wateja hazifiki tena. Kila rekodi pia ina TTL, muda ambao nakala yake huruhusiwa kukaa kwenye kumbukumbu za mitandao. Ishushe hadi sekunde 300 siku moja kabla ya kuhama, na usiizime seva ya zamani mpaka siku mbili tatu zipite.

Seva inajibu haraka kiasi gani?

Hostingi ya bei nafuu ni ya kuchangia: tovuti nyingi hukaa kwenye seva moja na kugawana nguvu zake. Ukiona tangazo la "bila kikomo", soma na masharti. Kikomo kwa kawaida kimehamishiwa kwenye idadi ya mafaili, kumbukumbu ya kufanyia kazi au nguvu ya prosesa. Tovuti ikivuka hapo, mgeni huonyeshwa kosa lenye namba ya kuanzia 500, na Googlebot huonyeshwa hilohilo. Ikikutana nalo mara kwa mara hupunguza ziara zake, na hali ikiendelea siku nyingi kurasa huondolewa kwenye faharasa. Mwenye tovuti atadhani maneno yake hayafai, kumbe kifurushi ndicho kilichoelemewa.

Ahadi ya upatikanaji nayo ipigiwe hesabu. Asilimia 99.9 inaruhusu seva izimike takriban dakika 43 kwa mwezi. Asilimia 99 inaruhusu zaidi ya saa 7.

Kuna na umbali. Mwanga ndani ya faiba hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi Virginia, Marekani, palipo na moja ya mirundikano mikubwa ya seva duniani, ni zaidi ya kilomita 12,000 kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi ni milisekunde 120 na ushee, na nyaya za baharini hazinyooki. Kabla herufi ya kwanza haijaonekana, brauza inahitaji safari kadhaa za namna hiyo: kufungua muunganisho, kukubaliana usimbaji, ndipo kuomba ukurasa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota Tanzania na Kenya. Mawasiliano ya mteja wa Dar na seva ya Dar yanaweza kukutana nchini kwenye kituo cha kuunganisha mitandao cha TIX, kama ya Nairobi yanavyokutana KIXP, bila kuvuka bahari.

Hiyo haina maana kila mtu akimbilie seva ya nyumbani. Mwenye hoteli Nungwi ambaye wageni wake wanatafuta vyumba wakiwa Ujerumani na Italia anafaidika zaidi na seva ya Ulaya. Mwenye wateja wa pande zote anaweza kutumia CDN, mtandao unaoweka nakala za picha na kurasa katika miji mingi. Cloudflare, kwa mfano, ina vituo Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, na kifurushi chake cha bure kinaitosha tovuti ndogo.

Hata hivyo, kabla ya kulaumu bahari, angalia picha. Picha moja ya simu ina uzito wa MB 4 hivi. Kumi zikipandishwa zilivyo, mteja anayetumia bando ataondoka kabla hajaona kitanda. Punguza upana uwe pikseli 1,200, hifadhi kwa WebP au JPEG, nayo itashuka chini ya KB 200 bila jicho kutambua tofauti kwenye skrini ya simu. Kipimo cha Google ni kwamba kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5. Na kinachosomwa ni toleo la simu: mwaka 2023 Google ilitangaza kukamilisha kuhamia kwenye usomaji wa tovuti kwa macho ya simu.

Mambo mawili yamalizie ukaguzi wa seva. Anwani yako ianze na https, kitu ambacho Google imekihesabu kama alama ndogo ya ziada tangu 2014. Cheti chake hutolewa bure na Let's Encrypt tangu 2015 na hujihuisha chenyewe, kwa hiyo muuzaji anayekitoza pembeni aulizwe kulikoni. La pili ni nakala ya akiba, na isikae kwa muuzaji yuleyule. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja walipoteza tovuti pamoja na akiba kwa sababu vyote vilikuwa mahali pamoja.

Nani amefunga mlango?

Seva ikiwa nzima, uliza kama Google imeruhusiwa kuingia. Kwenye WordPress, programu ya kujengea tovuti, ndani ya mipangilio, sehemu ya kusoma, kuna kisanduku kinachoziomba injini za utafutaji zisiiandikishe tovuti. Wajenzi hukiwekea tiki wakati kazi haijakamilika, jambo la busara, kisha husahau kukitoa. Kikiwa na tiki, kila ukurasa hubeba agizo la noindex, na Google hulitii. Tiki hiyo peke yake inatosha kueleza miezi yote ya fundi wa Keko.

Mlango mwingine ni faili la robots.txt, utaratibu uliopendekezwa na Martijn Koster mwaka 1994 na kurasimishwa kuwa kiwango cha intaneti mwaka 2022. Mstari mmoja wenye "Disallow: /" huzuia roboti tovuti nzima. Hapa wengi huchanganya mambo. Faili hilo huzuia ukurasa usichukuliwe, lakini anwani yake bado inaweza kutokea kwenye Google ikiwa tovuti nyingine imeitaja. Agizo la noindex ndilo linalozuia kuandikishwa, ila ni lazima roboti iingie ndani ili ilisome. Anayeweka vyote viwili ili kuficha ukurasa amejikwamisha: roboti imezuiwa mlangoni, na agizo liko sebuleni.

Chombo cha kukagulia haya ni Search Console, cha bure, cha Google yenyewe. Unathibitisha umiliki kwa kuongeza rekodi ya TXT kwenye DNS, kisha unaandika anwani ya ukurasa kwenye sehemu ya ukaguzi. Jibu linakuja wazi: umo kwenye faharasa au haumo, na kama haumo, kwa nini. Ramani ya tovuti, lile faili la kuorodhesha anwani zote, unaweza kuiwasilisha hapohapo. Tovuti yenye kurasa kumi na mbili zilizounganishwa vizuri haitakufa bila hiyo.

Ukurasa mmoja, swali moja

Sasa tuingie kwenye maneno. Kichwa cha ukurasa wa kwanza wa fundi wetu ni "Karibu". Kichwa hicho ndicho Google hukitegemea zaidi inapoandika ule mstari mkubwa wa kubofya kwenye matokeo, na hakuna mtu anayetafuta "Karibu" akitaka kitanda. Kiwe "Vitanda vya mninga 5x6 na 6x6, karakana ya Keko, Dar es Salaam". Chini yake yajibiwe anayouliza mnunuzi: bei inaanzia ngapi, mbao imekaushwa au bado mbichi, droo zinaongeza kiasi gani, usafiri hadi Mbagala ni wa nani, kazi inachukua siku ngapi. Makabati yapate ukurasa wake, milango nayo wake.

Maneno yenyewe hayahitaji programu ya kulipia. Yamo kwenye WhatsApp ya fundi. Mteja huandika "kitanda cha mninga bei gani", haandiki "samani zenye ubunifu wa kisasa". Maswali yanayojirudia ndiyo vichwa vya kurasa. Baada ya wiki chache Search Console nayo itaonyesha watu waliandika nini hadi tovuti ikajitokeza, na mara nyingi humo mna neno ambalo mwenye tovuti hakulifikiria, kama "fenicha" pale alipoandika "samani" kote.

Jihadhari na bei zilizochorwa ndani ya bango. Ni mtindo mzuri kwa Instagram, lakini kwenye tovuti usitegemee Google isome maandishi yaliyomo ndani ya picha. Andika bei kama maandishi ya kawaida, na kila picha ipewe maelezo mafupi. Orodha ya maneno muhimu yanayofichwa kwenye msimbo wa ukurasa iache: Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo. Kurudia "vitanda vya mninga" mara ishirini katika aya moja kunahesabiwa kuwa udanganyifu.

Kwa biashara yenye mahali pa kufika, wasifu wa biashara wa Google, ule unaoonekana na ramani, saa za kazi na maoni ya wateja, ni wa bure na unaweza kuleta simu nyingi kuliko tovuti yenyewe. Jina, namba na mahali vifanane na vilivyo kwenye tovuti.

Viungo na ahadi

Larry Page na Sergey Brin walipoanza Google mwaka 1998 wakitokea chuo kikuu cha Stanford, wazo lao kuu lilikuwa kwamba kiungo kutoka tovuti moja kwenda nyingine ni aina ya kura. Viungo bado vina uzito, ndiyo maana vinauzwa kwa mafungu, na ndiyo maana Google imekataza kuvinunua kwa lengo la kupanda. Vya halali hutoka kwa watu mnaojuana kikazi: muuza mbao, hoteli uliyoitengenezea vitanda, gazeti lililokuandika. Na ukibadilisha anwani ya ukurasa uliokwisha kutajwa kwingine, weka uelekezo wa 301 ili wageni wapelekwe kwenye anwani mpya na kura zisipotee.

Nafasi za kawaida kwenye matokeo ya Google haziuzwi, na Google yenyewe husema hakuna awezaye kuhakikisha nafasi ya kwanza. Wapo wataalamu wa kweli wa kazi hii, nao hawaogopi maswali. Anayetaka malipo ya kila mwezi aulizwe: tovuti yangu imekwama hatua gani kati ya zile tatu, nionyeshe kwenye Search Console. Utabadilisha kurasa zipi, na baada ya miezi mitatu tutalinganisha namba gani? Akishindwa kujibu, pesa hiyo lipia domeini yako miaka mitatu mbele.