Chumba Kitupu cha Moyo

Ibn Tufayl, tabibu wa Sultani Abu Yaqub Yusuf katika karne ya 12, alikuwa mwanafalsafa kamili, tena ndiye aliyemfikisha Ibn Rushd mbele ya sultani huyo. Na mtu wa elimu kiasi hicho, alipokusudia kuonyesha jinsi binadamu awezavyo kuufikia ukweli kwa akili yake mwenyewe, hakuandika risala ya hoja tupu, bali alitunga hikaya ya Hayy bin Yaqdhan, mtoto aliyelelewa na paa katika kisiwa kisicho na watu.

Paa yule alipozeeka akafa, Hayy alimwita kwa sauti waliyoizoea asiitikiwe. Akamtazama macho na masikio asione ila yoyote. Ndipo alipotwaa mawe makali na vibanzi vya matete makavu, akampasua kifua, akaupata moyo, na ndani yake akakuta vyumba viwili, cha kulia kimejaa damu iliyoganda, cha kushoto kitupu. Hapo akatambua ya kuwa mama aliyemnyonyesha hakuwa mwili ule uliolala mbele yake, bali kitu kilichokaa chumbani mle na sasa kimehajiri. Hata kuzika alijifunza kwa kunguru aliyemfukia mwenziwe.

Tabibu wa leo atasema kwamba chumba kile hujaa damu maadamu mtu yu hai, naye atasema kweli. Lakini kosa hilo haliidhuru hikaya. Kwamba nafsi si mwili ni neno ambalo mwanafunzi aweza kulikariri asubuhi na kulisahau jioni, ilhali msomaji wa Ibn Tufayl hapewi natija, hupewa maiti ya mama na jiwe kali, akatafuta pamoja na yatima, na huzuni ile ile ndiyo inayomlazimisha kufikiri. Sijui njia nyingine, nje ya fasihi, iwezayo kumfanyia mtu hisani hiyo.

Baadaye Hayy alivuka bahari pamoja na rafiki yake Absal, akawafundisha watu wa mjini hakika kwa maneno ya wazi, wakamchukia. Akawausia washike sharia yao, akarejea kisiwani. Yaliyomshinda yeye, mtungaji wake aliyaweza: mwaka 1671 kitabu kilichapishwa Oxford kwa Kilatini, kwa tafsiri ya Edward Pococke mwana, na mwaka 1708 Simon Ockley akakitoa kwa Kiingereza, kikasomwa na watu ambao risala ya hoja tupu wasingaliifungua.