Blue Badge na Madai ya Kampuni Binafsi za Maegesho

Kadi ya Blue Badge haina nguvu ya kisheria ya kufuta madai ya kampuni binafsi ya maegesho nchini Uingereza. Jibu hili limekwisha kutolewa mara nyingi, na swali linarudi lilelile: dereva mwenye ulemavu ameegesha kwenye uwanja wa supamaketi, kadi ameiweka wazi juu ya dashibodi, kisha posta inamletea ilani ya kudaiwa pauni 100, je, kadi si inatosha? Haitoshi. Wengi wanaouliza hivyo wana kesi nzuri, ila wameishika kwenye makali badala ya mpini.

Kadi hiyo inatokana na kifungu cha 21 cha sheria ya mwaka 1970 inayohusu wagonjwa wa muda mrefu na watu wenye ulemavu. Mpango wenyewe ulianza mwaka 1971 kwa kadi ya rangi ya chungwa. Ya buluu ilikuja mwaka 2000. Kinachotolewa na mpango huo ni nafuu za barabarani. Mwenye kadi huweza kuegesha bure katika nafasi nyingi za mitaani ambazo wengine huzilipia, na katika England anaruhusiwa kukaa hadi saa 3 kwenye mistari ya njano, mradi hakuna katazo la kupakia na kupakua, na saa ya kadi imeonyeshwa. Hata huko barabarani nafuu hizo zina mipaka: Westminster, City of London, Kensington and Chelsea na sehemu ya Camden, katikati ya London, zina taratibu zao.

Nje ya barabara mpango huo haufiki. Uwanja wa maegesho wa halmashauri una masharti yake, wa hospitali una yake, na wa supamaketi una yake. Katika ardhi ya binafsi bango lililo mlangoni ndilo linaloweka masharti, na dereva anayeegesha baada ya kupata nafasi ya kulisoma huhesabiwa ameyakubali. Alama ya kiti cha magurudumu iliyochorwa chini ilichorwa na mwenye ardhi. Bango likisema wenye Blue Badge hawalipi, hiyo ni ahadi ya mwenye ardhi, na kampuni iliyoajiriwa naye inapaswa kuiheshimu. Likisema kila gari lilipe, au kila gari liondoke baada ya saa 2, kadi peke yake haibadilishi neno hata moja katika masharti hayo.

Imani kwamba kadi inamaliza kila kitu imeleta hasara za aina tatu, na zote zingeweza kuepukwa.

Hasara ya kwanza ni barua dhaifu. Dereva anatuma nakala ya kadi na sentensi moja: nina Blue Badge, futeni. Kampuni inajibu kwamba kadi haihusiki na ardhi ya binafsi, na kwa hoja hiyo iko sahihi. Barua haikusema dereva ana hali gani, hali hiyo ilimzuiaje kutimiza sharti, wala ni marekebisho gani yangefaa. Nafasi ya kwanza imepotea bila hoja yenyewe kuguswa.

Hasara ya pili inawapata wasio na kadi. Mgonjwa wa baridi yabisi ambaye hajawahi kuomba kadi, au ambaye kadi yake imekwisha muda huku ombi jipya likisubiri kwenye halmashauri, anajiona hana la kusema, basi analipa. Ametozwa kwa sababu aliamini kwamba haki yake imo ndani ya kipande cha plastiki.

Hasara ya tatu ni kwamba kampuni nazo zimejifunza kuitumia imani hiyohiyo. Zinaandika kwamba kadi haikuonekana kwenye kioo, kwa hiyo mhusika hakuwa na haki yoyote. Hoja hiyo haina msingi katika sheria inayopaswa kuongoza jambo hili, na inasikitisha kuiona ikikubaliwa kila siku na watu ambao sheria iliandikwa kwa ajili yao.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, inayotumika England, Wales na Scotland. Hailindi kadi, inamlinda mtu mwenye ulemavu. Kwa kifungu cha 6, mtu ana ulemavu ikiwa hali yake ya mwili au ya akili inaathiri kwa kiasi kikubwa na kwa muda mrefu uwezo wake wa kufanya shughuli za kila siku, na muda mrefu maana yake ni hali iliyodumu au inayotarajiwa kudumu miezi 12 au zaidi. Saratani, maambukizi ya VVU na ugonjwa wa multiple sclerosis huhesabiwa ulemavu tangu siku vinapogunduliwa. Hakuna mahali ambapo sheria hii inadai Blue Badge. Kadi ni ushahidi mmoja mzuri. Barua ya daktari au ya hospitali ni ushahidi pia.

Sheria hiyo inamtaka kila anayetoa huduma kwa umma afanye marekebisho yanayofaa pale utaratibu wake unapomweka mtu mwenye ulemavu katika hali ngumu zaidi kuliko wengine. Wajibu huo hausubiri mteja alalamike. Mwenye uwanja anatakiwa kujua mapema kwamba miongoni mwa wateja watakuwapo wanaotumia viti vya magurudumu, wasioweza kufikia mashine ya kulipia iliyofungwa juu, wasioweza kutumia programu ya simu, na wanaohitaji dakika nyingi kushuka garini, kuunganisha kiti na kurudi. Kamera inayosoma namba za gari langoni haioni lolote katika hayo. Inaandika saa ya kuingia na saa ya kutoka, kisha kompyuta inatoa ilani. Utaratibu wa muda uleule kwa wote, usio na njia ya kuomba muda zaidi, ndio hasa unaopaswa kujieleza mbele ya sheria.

Vifungu vingine vinaongeza nguvu. Kifungu cha 15 kinakataza kumtendea mtu vibaya kwa sababu ya jambo linalotokana na ulemavu wake, isipokuwa mtoa huduma athibitishe kwamba hatua yake ni njia ya uwiano ya kufikia lengo halali. Kifungu cha 20 kinakataza kumbebesha mtu mwenye ulemavu gharama za marekebisho anayostahili. Kifungu cha 142 kinasema kwamba sharti la mkataba haliwezi kutekelezwa dhidi ya mtu kwa kadiri linavyoleta ubaguzi uliokatazwa. Na supamaketi haiwezi kujificha nyuma ya kampuni iliyoiajiri; nayo ni mtoa huduma kwa wateja wake.

Kinga hii nayo ina sharti lake: lazima kuwe na kiungo kati ya ulemavu na kosa linalodaiwa. Aliyechelewa dakika 25 kwa sababu hutembea kwa magongo na lifti ilikuwa mbovu, kiungo anacho. Aliyepitisha saa 2 kwa sababu filamu ilikuwa ndefu hana, hata kama ulemavu wake ni mkubwa kiasi gani. Tena kifungu cha 15 hakimfungi mtoa huduma ambaye hakujua, na hakutarajiwa kujua, kwamba mhusika ana ulemavu. Hapo ndipo barua ya maelezo inapopata uzito wake: kuanzia siku kampuni inapoipokea, haiwezi tena kudai haikujua, na kila hatua ya kuendelea kudai inachukuliwa ikiwa inajua.

Kampuni nyingi hujibu barua kama hiyo kwa kutaja kesi ya ParkingEye dhidi ya Beavis, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwezi Novemba 2015. Katika kesi hiyo dereva alipitisha dakika 56 juu ya saa 2 zilizoruhusiwa kwenye uwanja wa maduka huko Chelmsford, akadaiwa pauni 85, na akashindwa. Mahakama ilijibu kama kiasi hicho kilikuwa adhabu isiyokubalika katika mkataba, na kama kilimwonea mlaji. Suala la ulemavu halikuwamo. Kuitaja hukumu hiyo dhidi ya mtu anayedai marekebisho chini ya Sheria ya Usawa ni kujibu swali ambalo hakuliuliza, na mlalamikaji anapaswa kuliandika hilo waziwazi.

Kutojibu kabisa si mbinu. Ilani ya kampuni si faini ya serikali. Ni dai la mkataba, ingawa jina lake la Kiingereza hufupishwa PCN, sawa na la ilani ya halmashauri. Aliyezoea ankara za maegesho za Dar es Salaam au za kaunti ya Nairobi huweza kudhani kwamba kila karatasi ya maegesho imetoka kwa mamlaka ya umma. Wapo pia wanaodhani kwamba isiyotoka kwa mamlaka ya umma inaweza kutupwa, na hao hukosea zaidi. Kampuni hununua jina na anwani ya mmiliki kutoka wakala wa magari, DVLA, kwa pauni 2.50, na huweza kufungua madai mahakamani. Mwaka 2017 mahakama ya Dundee ilimwamuru dereva mmoja aliyepuuza ilani kwa muda mrefu alipe pauni 24,500.

Hatua zenyewe ni chache, na tarehe ndizo zinazoziongoza.

Kwanza, mtoaji wa ilani atambuliwe: ni halmashauri au ni kampuni. Ilani ya halmashauri ina njia yake ya rufaa na maelezo haya hayaihusu.

Pili, tarehe iangaliwe kabla ya kuandika lolote. Katika England na Wales, Jedwali la 4 la Sheria ya Ulinzi wa Uhuru ya mwaka 2012 huiruhusu kampuni kumdai mmiliki aliyesajiliwa ikiwa haimjui dereva. Pale ambapo hakuna karatasi iliyoachwa kwenye gari, ilani lazima imfikie mmiliki ndani ya siku 14 zinazoanza kuhesabiwa siku inayofuata ile ya kuegesha. Ikichelewa, ni dereva peke yake anayeweza kudaiwa, na mmiliki halazimiki kuitajia kampuni binafsi jina la dereva. Barua ya haraka yenye neno "niliegesha" huitupa kinga hiyo. Mmiliki aandike kama mmiliki, na amtaje mwenye ulemavu kama mtu aliyekuwa ndani ya gari. Viwanja vya ndege na vituo vya reli vyenye kanuni zao za kisheria haviguswi na jedwali hilo.

Tatu, ushahidi ukusanywe mapema: picha za mabango, mashine na njia, risiti, kadi ikiwapo, barua ya daktari inayoeleza athari ya hali, si jina la ugonjwa tu.

Nne, rufaa ipelekwe kwa kampuni ndani ya siku 28, ikieleza ulemavu, kiungo, marekebisho yaliyokosekana na vifungu vya sheria. Siku hiyohiyo barua nyingine iende kwa meneja wa duka au mwenye ardhi, maana mara nyingi ana uwezo wa kuagiza dai lifutwe. Hii ndiyo njia fupi kuliko zote na ndiyo inayosahauliwa zaidi.

Tano, kampuni ikikataa, rufaa ya pili huenda POPLA kwa wanachama wa British Parking Association, ndani ya siku 28, au Independent Appeals Service kwa wanachama wa International Parking Community. Uamuzi wa POPLA huifunga kampuni, haumfungi dereva. Hoja za mkataba na tarehe ziwekwe pamoja na za usawa, kwa sababu waamuzi huangalia mkataba kwanza. Punguzo la malipo ya mapema kwa kawaida hupotea katika hatua hii.

Sita, barua za wakala wa madeni zisimtishe mtu. Huyo si dalali wa mahakama na hana mamlaka ya kuchukua mali. Barua ya kusudio la kushtaki ijibiwe ndani ya siku 30. Hati ya madai ya mahakama ijibiwe ndani ya siku 14, au 28 ikiwa mdaiwa amethibitisha kuipokea. Anayetaka kudai fidia ya ubaguzi afungue shauri lake kabla miezi 6 haijatimia tangu tukio. Scotland na Ireland ya Kaskazini mmiliki hadaiwi kwa jedwali la mwaka 2012, na Ireland ya Kaskazini hutumia Sheria ya Ubaguzi wa Ulemavu ya mwaka 1995.

Mwaka 2019 Bunge lilipitisha sheria ya kuitaka serikali itunge kanuni za lazima kwa kampuni hizi. Kanuni hizo zilichapishwa Februari 2022 na kuondolewa miezi michache baadaye, baada ya kampuni kwenda mahakamani. Mahali pake pamekaa kanuni ambazo vyama vya kampuni zenyewe vimejiandikia, zilizoanza Oktoba 2024, na ambazo bado zinaruhusu dai la pauni 100. Sheria ya Usawa haikuondolewa wala haikupunguzwa. Dereva mwenye ulemavu aitaje kwa jina na kwa kifungu katika barua ya kwanza, awe na Blue Badge au asiwe nayo.