Mshtuko wa Utamaduni: Kinachompata Msafiri Ugenini

Mshtuko wa utamaduni ni hali ya wasiwasi, uchovu na kuchanganyikiwa inayompata mtu anapoanza kuishi katika jamii ambayo hajui mazoea yake. Hauhesabiwi kuwa ugonjwa, wala si dalili ya woga. Huwapata wanafunzi, wafanyakazi wa mikataba, wanadiplomasia na wakimbizi, hasa katika safari ya kwanza ya muda mrefu. Mtalii wa wiki mbili mara nyingi huukwepa, kwa kuwa hoteli na mwongozaji wake humkinga na shughuli zinazouleta: kutafuta nyumba, kufuatilia vibali, kuelewana na bosi, kupata marafiki.

Aliyeieneza dhana hii ni Kalervo Oberg, mwanaanthropolojia wa Kanada mwenye asili ya Ufini, ambaye kabla ya hapo alikuwa amefanya utafiti katika ufalme wa Ankole nchini Uganda. Aliieleza katika hotuba aliyoitoa Rio de Janeiro mwaka 1954, ikachapishwa mwaka 1960. Kwa maoni yake, chanzo ni kupotea kwa ishara ndogondogo zinazoongoza maisha ya kila siku: lini kumpa mtu mkono, nini kusema watu wakikutana, mwaliko upi ni wa dhati na upi ni wa adabu tu.

Ishara hizo hufunzwa tangu utotoni na hutumika bila kufikiriwa. Aliyekulia Tanga anajua kwamba kumpita jirani bila salamu ni utovu wa adabu, mkubwa huamkiwa kwa shikamoo, na hodi yatosha kufunguliwa mlango. Akifika Helsinki anakuta abiria wamekaa kimya kwenye basi, wanafunzi wakimwita profesa kwa jina lake la kwanza, na rafiki akitarajia kutembelewa kwa miadi. Yeye naye akiinamisha macho kwa heshima, huenda akadhaniwa anaficha jambo. Hapo hakuna aliyekosa adabu. Kila mmoja anafuata kanuni za kwao. Mwaka 1959 Edward T. Hall, mwanaanthropolojia wa Marekani, alionyesha kwamba kanuni za namna hii, zikiwamo za matumizi ya muda na umbali kati ya wazungumzaji, hazijaandikwa popote, na hata wenyeji huzitambua pale tu zinapovunjwa. Ndiyo maana mgeni anaweza kuijua lugha vizuri na bado akakwama.

Mwili nao huhusika. Mambo yaliyokuwa yakifanyika yenyewe sasa yanahitaji kufikiriwa moja baada ya jingine, tena mara nyingi kwa lugha ya pili, na ubongo huchoka. Msongo unapoongezeka, tezi zilizo juu ya figo hutoa homoni za adrenalini na kortisoli. Homoni hizi husaidia katika hatari ya muda mfupi, lakini zikikaa juu kwa muda mrefu huvuruga usingizi na umakini. Anayesafiri kutoka Dar es Salaam hadi New York pia huvuka tofauti ya saa 7 au 8, na saa ya mwili hujirekebisha kwa takriban saa moja tu kwa siku. Mwanga una nafasi yake vilevile. Karibu na ikweta mchana huwa wa saa 12 hivi mwaka mzima, ilhali mwishoni mwa Desemba mchana wa Helsinki haufiki saa 6, na uhaba huo wa mwanga huwaletea baadhi ya watu huzuni ya majira ya baridi.

Miongoni mwa dalili alizotaja Oberg ni kuhofia mno usafi wa maji na chakula, kukasirishwa na ucheleweshaji mdogo, kuogopa kutapeliwa, na hamu kubwa ya nyumbani. Aliigawa hali hiyo katika hatua nne: fungate, ambapo kila kitu kinapendeza, uhasama, ambapo mgeni hukaa na wenzake wa kwao kuwalaumu wenyeji, kupata nafuu, na kuzoea. Mwaka 1955 Sverre Lysgaard aliwachunguza Wanorwe waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa masomo, akaona kwamba waliokaa kati ya miezi 6 na 18 walikuwa na hali mbaya kuliko waliokaa muda mfupi au mrefu zaidi.

Picha hiyo imepingwa baadaye. Colleen Ward na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1998, waliwafuatilia wanafunzi wa Kijapani nchini New Zealand, wakakuta kwamba matatizo yalikuwa makubwa zaidi mwanzoni kabisa, kisha yakapungua. Si kila msafiri, basi, anayepata fungate.

Ward hutenganisha mambo mawili: utulivu wa nafsi, unaotegemea sana msaada wa watu, na ustadi wa kuishi na wenyeji, unaopatikana kwa kujifunza na kuchangamana nao. Kwa hiyo mgeni anahitaji marafiki wa aina zote mbili: wa kwao, wanaomliwaza, na wenyeji, wanaomweleza kanuni ambazo hazijaandikwa. Kulala kwa ratiba, kutoka nje kukiwa na mwanga, na kuuliza bila haya husaidia pia. Huzuni au kukosa usingizi kukidumu kwa wiki kadhaa na kuzuia masomo au kazi, daktari aonwe.

Mshtuko unaweza kujirudia wakati wa kurejea. Mwaka 1963 John na Jeanne Gullahorn walieleza kwamba wanaorudi nyumbani hupitia marekebisho mapya, kwani wao wamebadilika na nyumbani nako kumebadilika. Taasisi zinazopeleka vijana nje ziwaandae kwa safari zote mbili, ya kwenda na ya kurudi.