Ukitaka kasi kwenye mandolini, anza polepole

Kijana hununuliwa mandolini, na kabla ya wiki kwisha anataka kupiga wimbo kwa kasi ile ile aliyoisikia redioni. Sauti zinakatika, vidole vinakanyagana na majirani wa fleti wananung'unika. Mwezi ukiisha, chombo kinaangikwa ukutani na mzazi anabaki kuhesabu pesa zake. Mara nyingi mtoto huyo hakukosa kipawa. Alitaka kukimbia kabla ya kutambaa.

Mandolini ina nyuzi 8 zilizopangwa kwa jozi nne. Ilipata umaarufu mkubwa mjini Naples, Italia, katika karne ya 18. Nchini Marekani, Bill Monroe (1911-1996) aliitumia kujenga muziki wa bluegrass, na huko India U. Srinivas (1969-2014) alipiga mandolini ya umeme katika muziki wa kale wa kusini mwa nchi hiyo. Wote wawili walisifika kwa vidole vyepesi.

Kuanzia uzi mnene hadi mwembamba, jozi hizo hulinganishwa kwa noti za G, D, A na E, sawa na fidla. Mwanafunzi aliyefundishwa fidla shuleni atakuta vidole vyake vinajua njia.

Mkono wa kulia

Piki, kile kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi, ishikwe kati ya kidole gumba na ubavu wa kidole cha shahada. Isibanwe sana, wala isilegezwe hata ikadondoka. Nguvu itoke kwenye kifundo cha mkono, si begani.

Piga chini, kisha juu, chini, kisha juu, bila kuruka. Pigo la chini liangukie mdundo wenyewe, na la juu liingie katikati ya midundo. Anayepiga chini tu hufanya kazi mara mbili, kwa sababu mkono unaporudi juu haupigi kitu.

Mkono wa kushoto

Bonyeza kwa ncha ya kidole, karibu kabisa na kichuma cha shingoni kiitwacho freti, lakini si juu yake. Hakikisha nyuzi zote mbili za jozi zimeshikwa, ama sivyo utasikia mkwaruzo. Kidole cha shahada hushika freti ya 1 na 2, cha kati ya 3 na 4, cha pete ya 5 na 6, na kidole kidogo ya 7. Kidole kikishamaliza kazi kisirukie mbali, kwani safari ndefu ndiyo inayoua kasi.

Ngazi kwa ngazi

Tafuta metronomu, kifaa cha kuhesabu midundo. Siku hizi hata simu ya mkononi inaweza kufanya kazi hiyo. Anza na midundo 60 kwa dakika. Ukipiga kipande mara tatu mfululizo bila kosa, panda hadi 64, halafu 68. Ukikosea, shuka. Ukitumia siku tatu kwa kila ngazi, utafika 100 baada ya mwezi mmoja.

Usirudie wimbo mzima kwa sababu ya noti nne zinazokusumbua. Zitoe hizo nne uzifanyie zoezi peke yake. Mkono hauchagui: hukariri kosa kama unavyokariri jambo sahihi, na kosa lililozoeleka ni gumu kuling'oa.

Dakika 20 kila siku zinafaa kuliko saa tatu za Jumamosi. Ncha za vidole zitawasha mwanzoni, kisha zitakomaa. Lakini maumivu ya kifundo au ya mkono ni onyo. Weka chombo chini upumzike.

Nawe mzazi, usimwulize mwanao kila jioni ameshajua nyimbo ngapi. Mwombe akupigie mstari mmoja tu, taratibu, na kila noti isikike. Akiweza hilo, kasi itamfuata yenyewe. Haba na haba hujaza kibaba.