Karatasi za Dua

Ijumaa moja, katika msikiti mmoja wa Ilala, nilimsikia imamu akiwaombea dua wagonjwa baada ya sala, akawataja wa kisukari, wa shinikizo la damu, kisha, pasi na kubadili sauti, wa unga. Na neno hilo, lililopita kati ya maradhi ya watu na heshima zao kana kwamba ndiko kwao, likanikaa rohoni hata nikarudi kumwuliza.

Maalim, mzee wa kauli taratibu, alinionyesha vijikaratasi anavyoletewa kabla ya adhana, vimekunjwa mara nne, kila kimoja na jina la mgonjwa. Miaka mingi, alisema, mama mmoja alikuwa akimletea karatasi iliyoandikwa “mgonjwa” bila zaidi, ilhali yeye, juu ya mimbari, akiwaita vijana mfano wa mwanawe laana iliyoushukia mtaa. Na mama yule, nyuma ya pazia, akiitikia amina kwa yote mawili.

Akaniuliza iwapo nimepata kulitazama neno teja. Mteja wa muuza kanga, wingi wake wateja, yumo pamoja na watu. Bali huyu wa unga amenyofolewa m yake, akawa teja, mateja, akatiwa ngeli moja na majabali na matakataka. Baada ya hapo, alisema, kumtupa si kazi.

Wako wamwambiao kuwa kulainisha neno ni kulainisha dhambi. Mimi naona aliteua vyema, ingawa neno mgonjwa nalo lina madai yake. Tangu Februari 2011 hospitali ya Muhimbili inawapa watu wa unga methadoni, dawa ya maji ambayo mtumiaji huinywa kila siku, mchana, mbele ya mhudumu. Ikifika Ramadhani, mlevi hana udhuru. Mgonjwa ana rukhsa ya kula na kulipa baadaye, na ambaye ugonjwa wake hautarajiwi kwisha hutoa fidia kwa kulisha maskini. Je, kijana asiye na chakula chake atamlisha nani? Maalim akasema suala hilo amelipeleka kwa wajuzi kuliko yeye, wala hajajibiwa. Nikamwuliza kama huruma ya neno humfunika na muuza unga, ambaye huenda husali safu ya mbele na kuchangia mazulia. Akanyamaza, akaendelea kukunja karatasi.

Mama yule angali anakuja. Karatasi yake ya Ijumaa ile niliiona: jina la mwanawe, jina la baba, na chini, kwa herufi kubwa, UNGA.