Krimu ya siku saba, hasara ya miezi: Tahadhari kwa wavukao Ruvuma

NHICA DO ROVUMA, Palma – Kwa mfanyabiashara wa maeneo haya ya Mto Ruvuma, kazi ni mzigo mgongoni, jasho, vumbi na nguo ileile tangu alfajiri hadi jioni. Haishangazi mgongo na mabega yakijaa chunusi. Zikipona, huacha madoa meusi.

Hapo ndipo krimu za kung'arisha ngozi hupata soko. Kopo linaahidi rangi moja mwili mzima kwa siku saba. Mfanyabiashara hulinunua kwa matumizi yake na pengine hubeba katoni nzima akauze ng'ambo. Hivyo hasara yaweza kumpata mara mbili.

Ya kwanza ni ya mwili. Baadhi ya krimu hizo zina zebaki, ambayo hudhuru figo. Nyingine zina haidrokwinoni. Ikipakwa muda mrefu huweza kuleta weusi wa kibuluu usiotoka kirahisi. Afrika Kusini, ambako madaktari walieleza madhara hayo mwaka 1975, iliipiga marufuku katika vipodozi mwaka 1990. Zipo pia zenye steroidi kali kama clobetasol, ambazo zenyewe huzaa chunusi.

Hasara ya pili ni ya mtaji. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Novemba 2023, nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana mjini Geneva kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki visitengenezwe wala kuvushwa mipaka baada ya mwaka 2025. Katoni ikikamatwa, anayeumia ni mwenye mzigo.

Chunusi za mwili zina tiba isiyo na hatari hiyo. Oga mara baada ya kazi, vaa nguo nyepesi za pamba, usiziminye wala kuzisugua kwa dodoki. Duka la dawa huuza benzoili peroksaidi. Anza na ya kiwango kidogo, na uiweke mbali na kanga na vitenge vya biashara, kwani hupausha nguo. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki sita hadi nane. Madoa huchukua miezi kufifia, na jua huyakoleza, hivyo funika mabega. Mjamzito amwone mhudumu wa afya kabla ya kutumia dawa yoyote ya ngozi.

Lakini si kila doa ni la chunusi. Mabaka yenye magamba laini kifuani na mgongoni yaweza kuwa utangotango, ambao ni fangasi na hutibiwa kwa dawa ya fangasi. Baka lililofifia rangi, ukiligusa huhisi kitu, laweza kuwa ukoma. Nenda kituo cha afya mapema: dawa zake ni za bure, na anayewahi hupona bila ulemavu.

Wanawake wa Cabo Delgado wana msiro wao, mti unaosagwa juu ya jiwe kwa maji na kupakwa usoni. Huo ukinawa unatoka. Zebaki haitoki kwa kunawa.

Basi kabla ya kulipia katoni, geuza kopo usome. Zebaki huandikwa "mercury", "mercúrio", "calomel" au "Hg". Na kopo lisilotaja kilichomo, liache dukani.